Tumbo la Festo

Isevya, Tabora
3 Februari 2025

Wifi yangu Eustadia,

Shikamoo. Huku tumeamka, ila siwezi kuandika kwamba sote ni wazima, maana hilo ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Umeshasema simu huitaki, na kwamba aliyeandika hawezi kesho kusema hakusema. Basi naandika, na Sabiri, konda wa basi la Sikonge, atakufikishia mkononi.

Kuumwa kwa ndugu yako Festo unakujua. Usilolijua ni kwamba zile dawa za vidonda vya tumbo hazikumsaidia kitu. Wakampitisha kamera mdomoni, wakaona doa karibu na mlango ambao chakula hutokea tumboni, wakanyofoa kinyama na kukipima. Ni saratani. Nimeliandika hilo neno ili lisikufikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Daktari anasema bado ni changa, tumeiwahi.

Tulitumwa Dar es Salaam na tumerudi juzi. Daktari wa huko alituchorea tumbo kwenye karatasi, akatueleza njia tatu. Ya kwanza, kupitisha mrija mdomoni na kubandua doa peke yake, bila kupasua. Mgonjwa anabaki na tumbo lake zima na haraka anarudi kazini, lakini kama ugonjwa umezama chini ya ngozi ya ndani, au umeingia kwenye tezi za jirani, utabaki humo, na itabidi arudiwe na kamera mara kwa mara. Ya pili, kukata nusu ya chini ya tumbo pamoja na tezi zake, kisha kuliunganisha na utumbo. Hiyo ina uhakika zaidi, ila atakula kidogo kidogo maisha yake yote. Ya tatu ni kutoa tumbo lote, na hiyo daktari mwenyewe hakuitaka kwa mahali doa lilipokaa.

Festo anasema hachagui mpaka wewe useme, kwa kuwa ndiye uliyemlea. Kutengeneza baiskeli ameacha, kibanda kimefungwa. Tafadhali wifi, usikawie.

Mke wa mdogo wako,
Godeliva


Ipole
9 Februari 2025

Godeliva,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia nikitafuta ulichoruka.

Daktari gani huyo anayemchagulisha mgonjwa kama muuza mitumba? Chukua hii, au ile, au hii kubwa kabisa. Fundi wa paa langu hakuniuliza atumie msumari upi. Anayejua kazi anafanya. Anayeuliza ama hajui, ama anataka lawama ziwe zako.

Halafu hilo neno, changa. Mimi ni mfuga nyuki, nimezeeka kwenye mizinga. Sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta lina asali changa, na asali changa haivunwi. Ukiivuna inachacha, na hasara ni yako. Kila kitu ninachokijua kikiwa changa kinaachwa kwanza. Iweje cha Festo kikiwa changa ndiyo kisu kinakimbizwa?

Mlipoingia kwa daktari mliingia wangapi? Nani alikuwa anajibu, yeye au wewe? Na hicho kipande cha tumbo wakishakikata kinakwenda wapi? Usiniambie kinatupwa. Watu wa siku hizi hawatupi kitu.

Mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Lakini Festo alipokuwa kwangu alikula mawe na hakuwahi kushika ubavu. Ameanza kuumwa akila kwako, na wewe ni mama lishe, unapikia stesheni nzima. Mimi sisemi kitu. Nasema tu tumbo haliumwi kwa hewa.

Kama ni lazima aguswe, wambandue. Asikatwe. Hilo ndilo neno langu, na umpe kama nilivyoliandika.

Eustadia


Isevya, Tabora
17 Februari 2025

Wifi Eustadia,

Shikamoo. Neno lako nimemsomea Festo lote, hata pale lilipochoma.

Kwa daktari tuliingia wawili na aliyejibu ni yeye. Kipande kinakwenda maabara, kinakatwa vipande vyembamba na kutazamwa, ili wajue ugonjwa ulifika wapi. Na daktari hakuuliza kwa kutojua. Alisema tumbo ni la Festo na ndiye atakayeishi nalo.

Kuhusu hilo neno changa, nimelifikiri sana nikiwa jikoni. Asali ikikomaa tunaila sisi. Hii ikikomaa inatula. Ndiyo maana wanaikimbilia.

Hata Festo alitaka kubanduliwa kama ulivyosema. Lakini wamefanya kipimo kingine cha kuangalia unene wa tumbo, na doa linaonekana limeshuka tabaka la pili. Daktari anasema kubandua kunafaa lile lililokaa juu juu. Festo amesema wakate nusu. Wataingilia matundu madogo wakiweza, na wasipoweza watapasua. Amesaini kwa mkono wake. Tunaondoka wiki ijayo.

Maneno ya chakula changu nayo nimeyasoma. Tuombee.

Godeliva


Ipole
14 Aprili 2025

Godeliva,

Namshukuru Mungu kwamba amerudi anapumua. Lakini Sabiri alipita kwenu na amenisimulia. Anasema ndugu yangu amebaki shingo na masikio. Anasema unampa uji kwenye kikombe cha kahawa, kisha unamnyang'anya maji ya kunywa. Wewe unayewapakulia wapakia mizigo wali wa mlima, mume wako unampimia kwa kijiko!

Walisema watakata nusu. Nani aliyeona? Mtu akiwa amelala usingizi wa dawa, nusu na lote yeye atajuaje? Na kama ni nusu, kwa nini hashibi na kwa nini hanenepi? Niandikie walichokikuta, na usiruke.

Namtumia asali kwa mkono wa Sabiri. Ni ya miombo, nimeikamua mwenyewe, sega lilikuwa limefunikwa vizuri. Mpe kwenye uji kila siku. Nilimlea kwa hiyo na haikumshinda.

Eustadia


Isevya, Tabora
22 Aprili 2025

Wifi Eustadia,

Shikamoo. Majibu ya maabara yametoka na ni mazuri. Ugonjwa ulikuwa umezama kuliko kamera ilivyoonyesha, kwa hiyo wangebandua tu wangeuacha chini. Tezi zote walizotoa ni safi. Dawa zile kali hatapewa, ila atarudi kupimwa na kuchomwa sindano za vitamini. Walichotoa ni nusu, imeandikwa.

Anakula kidogo kwa sababu tumbo ni dogo. Maji anakunywa baadaye, si pamoja na chakula. Ni maagizo, wifi, si uchoyo.

Asali yako imefika. Festo ameionja na anakushukuru sana.

Godeliva


Isevya, Tabora
24 Aprili 2025

Stela mdogo wangu,

Haya siwezi kuyasema kwenye simu, Festo yuko chumba cha pili na masikio yake hayakukatwa. Ukimaliza kusoma, barua hii iingize jikoni iwashie moto.

Wifi ameleta asali. Sabiri alipoikabidhi nilifanya kama tunavyofanya Warundi wote wa kwetu Ulyankulu, nikamwambia aliyeleta aonje kwanza. Akacheka, akalamba kidole. Na mimi nikaonja. Asali nzuri kabisa, ya dhahabu. Nikamtilia Festo vijiko viwili kwenye uji.

Stela, hakumaliza kikombe. Jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa, moyo ukamwenda mbio mpaka nikauona kwenye shati, tumbo likamharisha, kisha akalala kama maiti. Nikasema labda ni kidonda cha ndani. Kesho yake nikampa tena kwenye chai, ikawa vilevile. Siku iliyofuata sikutia, akawa mzima, akaanza na kutania. Yeye mwenyewe anadhani ni kidonda tu, asali hajaifikiria.

Sasa niambie, mimi nifikiri nini? Mwanamke huyu hakutaka akatwe. Ananiandikia barua za kunihoji kama polisi. Halafu analeta kitu ambacho mimi na Sabiri hakitufanyi kitu ila Festo anaanguka. Kuna sumu inayomchagua mtu? Watu wa pande hizi watakuambia ipo. Mimi sikuwa mtu wa kuamini hayo, lakini nilikuwa nimeshika kichwa cha mume wangu.

Asali nimeimwaga nyuma ya choo. Wifi nimemwandikia kwamba Festo ameionja na anashukuru, na yote mawili ni kweli. Ningemwambiaje? Kwamba asali yako imemwangusha ndugu yako? Hapa mtu akimwambia wifi yake maneno hayo, hata akija kuomba radhi miaka kumi, hayafutiki. Yana maana moja tu, na mwanamke mzee akishapewa jina hilo halali salama.

Naogopa, Stela. Namwogopa na ninaona haya kumwogopa.

Dada yako,
Godeliva


Ipole
26 Mei 2025

Godeliva,

Usimtafute Festo hospitali wala kituo cha polisi. Yuko kwangu.

Sabiri ana mdomo mrefu, na safari hii umenifaa. Amenieleza kwamba asali yangu hukuipokea mpaka aionje yeye kwanza, mlangoni, majirani wakitazama. Hapa Ipole tumepitiwa na wageni tangu enzi za misafara, kila mmoja na lugha yake na kibuyu chake, na hakuna aliyewahi kutuambia tulambe kwanza tulichomkaribisha nacho. Umenifanya mchawi mbele ya konda! Kwenu ni desturi, Sabiri ananiambia. Sawa. Kwetu ni tusi.

Basi nikasema niende nikaone kwa macho yangu. Nilifika ukiwa stesheni. Nimemkuta ameketi na yai moja na ndizi nusu, anatafuna kama mtu anayehesabiwa. Nikamuuliza una nini, mwanangu? Akasema, dada, nina njaa. Mtu mzima, fundi, akaniambia ana njaa ndani ya nyumba ya mama lishe. Nikafunga nguo zake, wala hakubisha. Nikamuuliza na asali yangu iko wapi, akasema hajui, aliinywa siku mbili kisha hakuiona tena.

Umeipeleka wapi, Godeliva? Uliiuza? Au hukutaka anenepe?

Simu yake nimeizima. Mgonjwa apumzike. Akirudi kuwa na mashavu nitakuita uje umwone.

Eustadia


Isevya, Tabora
2 Juni 2025

Stela,

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia utanigombeza kabla sijamaliza.

Leo nimekwenda kliniki kuchukua sindano za Festo, nikamsimulia muuguzi, anaitwa Julieth, vile alivyokuwa akitoka jasho. Sikutaja asali. Yeye ndiye aliyeitaja. Akauliza, ulimpa sukari, soda au asali? Nikakaa kwenye benchi.

Anasema tumbo lina mlango chini, na kazi yake ni kukiachia chakula kidogo kidogo. Waliokatwa nusu ya chini hawana tena huo mlango. Kitu kitamu kikiingia kinaporomoka kwenye utumbo kwa mara moja, maji ya mwili yanakikimbilia, ndipo mtu anatoka jasho na moyo unapiga na anaweza kuzimia. Mpe asali ya malaika, akasema, itamwangusha vilevile. Akaongeza kwamba haya tulielezwa Dar tulipokuwa tunatoka wodini. Labda. Siku ile nilikuwa nasikia neno moja tu, kwamba yuko hai.

Kwa hiyo wifi hakufanya kitu. Hakufanya kitu kabisa! Na sasa Festo yuko kwake, katikati ya mizinga, na mimi ndiye pekee ninayejua.

Nimeanza kumwandikia na nimechana. Nikisema asimpe asali, atauliza nimejuaje. Nikisema nilijua, atauliza kwa nini niliandika kwamba anashukuru. Nikijibu hilo, nimeshamwambia kwamba nilimdhania muuaji. Nimepiga simu ya Festo na bado imezimwa. Sabiri gari lake limeharibika Sikonge na linarudi keshokutwa. Nitaandika kesho nikiwa na akili.

Godeliva


Ipole
6 Juni 2025

Godeliva,

Festo ameanguka mikononi mwangu. Yuko hai. Naanza na hilo usije ukazimia nawe.

Tulikuwa tunarina asali, ya kwanza tangu ile niliyokutumia. Alikuja na baiskeli mpaka kwenye mizinga, mashavu yameanza kurudi, akaketi pembeni ya moshi na kuniomba sega kama alivyokuwa akiomba utotoni. Nilimpa kubwa. Godeliva, nilifurahi, sijui nikuambieje. Nilikuwa namtazama anavyokula nikijisifu kwamba nimeshinda. Tulipofika uani, akasimama, akashika moyo, jasho likamtiririka, akaanguka mbele ya waliokuja kununua. Zahanati wamemlaza na kumtundikia dripu. Anaongea sasa.

Lakini watu nao wanaongea. Mimi ni mjane, nakaa peke yangu, macho yangu ni mekundu kwa moshi wa mizinga, na aliyeanguka amekula kutoka mkononi mwangu. Wameanza kuwataja waliokufa upande wa mume wangu, mmoja mmoja, hata aliyegongwa na lori. Damas, mwenyekiti wa kijiji, ameweka vijana wawili wa sungusungu mlangoni pangu. Anasema ni kwa usalama wangu. Sijui ni usalama wangu au ni wao wasinikose. Wamenikataza kwenda zahanati. Ndugu yangu niliyembeba mgongoni, nimekatazwa kumpelekea maji.

Keshokutwa wana mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Nimekaa nimefikiri: kwa nini aliinywa asali kwako siku mbili tu? Kuna kitu unakijua. Kama unakijua, kiandike. Usije mwenyewe kwanza. Wakituona pamoja watasema tumekula njama, Mrundi na mchawi. Andika mchungaji asome.

Naogopa. Hilo nalo nimeliandika.

Eustadia


Isevya, Tabora
7 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti Damas, Mchungaji, na watu wote wa Ipole mliokusanyika,

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Godeliva, mke wa Festo, mzaliwa wa Ulyankulu.

Mume wangu ana nusu ya tumbo. Walimkata mwezi wa pili kwa sababu ya saratani, na saratani imetoka. Lakini mlango wa chini wa tumbo ulitoka nayo. Tangu hapo kitu kitamu kikimshukia kwa wingi kinamtoa jasho, moyo unakimbia, anaanguka. Si asali ya Eustadia tu. Hata soda ya dukani, hata chai yenye sukari nyingi. Muuguzi wa kliniki ya Tabora ameandika maelezo yake na nimeyaambatanisha hapa na mhuri. Muuguzi wa zahanati yenu ayasome aseme kama nadanganya.

Mtauliza Eustadia hakujua? Hakujua. Aliyejua ni mimi. Mwezi wa nne nilimpa Festo asali hiyohiyo hapa kwangu, mara mbili, na mara mbili ikamwangusha. Nilimdhania wifi yangu vibaya, kama mnavyomdhania ninyi leo. Asali niliimwaga, na yeye nikamwandikia kwamba Festo anashukuru. Baadaye nikaambiwa ukweli na bado sikumwandikia, kwa sababu niliona haya. Kama ningeandika, asingempa.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa kuwekewa vijana mlangoni, nyumba yangu ni ya bluu, nyuma ya kisima cha Isevya. Mkimgusa Eustadia mtakuwa mmemgusa mtu asiye na kosa, na mimi nitasema hivyo polisi na mahakamani, kwa jina langu.

Godeliva Manirambona


Ipole
9 Juni 2025

Godeliva,

Mchungaji amesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa Kinyamwezi kwa ajili ya wazee. Muuguzi wa zahanati alisimama akasema ni kweli, hata yeye alisomea. Damas alikohoa sana. Vijana wameondoka mlangoni. Baadhi ya watu bado wananikwepa njiani, na nadhani watanikwepa mpaka nife, lakini nimelala kwangu.

Festo yuko hapa kitandani. Ameomba uji usio na kitu na nimempa kidogo kwenye kikombe cha kahawa. Amekasirika. Nimemwambia avumilie.

Sasa sikiliza. Tangu Februari nilisema kuna kitu unanificha, na kulikuwa na kitu. Sikukosea. Nilikosea ni kitu gani. Umenidhania muuaji, nami nilikudhania wewe, na katikati yetu huyu alikuwa anamalizika kwa heshima zetu. Nimekukasirikia, na sijui kama hasira hii itaisha. Na ulipoandika jina lako lote mbele ya watu wale nililia, mbele ya Damas, na hilo nalo sitakusamehe.

Njoo na basi la kesho, uje na sindano zake. Unifundishe anakula nini, saa ngapi, na nini asiguse. Chumba cha wageni kina mizinga, kwa hiyo utalala chumbani kwangu, kitanda kimoja na mimi.

Usifikiri ni mapenzi. Nataka nikuone.

Wifi yako,
Eustadia